Jaribio Langu Lilikufa Kabla ya Kupandwa

Paipu za shangazi yangu siku hizi zinashikilia wavu wa kuku. Ni zile paipu nyeusi, nyembamba, zenye vitundu, za kumwagilia shamba kwa matone. Alizinunua kwa mkopo wa chama, shilingi 18,400, kwa sababu mimi nilimwambia maji ndiyo yatakayomwongezea sukuma wiki. Na sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na ripoti ya mradi wa mwaka wa nne, jalada gumu la buluu, jina langu kwa herufi za dhahabu, na ndani yake majedwali yenye nyota pembeni mwa namba. Waliosoma takwimu wanajua nyota hizo. Nyota maana yake ni "amini hii."

Shangazi aliamini. Msimu uliofuata sukuma wiki yake ilikuwa sawa na ya jirani ambaye hana hata ndoo.

Nimechukua muda mrefu kuandika haya kwa sababu ya aibu. Sasa aibu imegeuka hasira, na hasira ni heri uielekeze mahali. Jaribio langu lilikuwa limekufa kabla mbegu ya kwanza haijagusa udongo. Ukame haukuliua, wala wadudu, wala uvivu wangu, ingawa uvivu ulikuwepo. Liliuawa na mpango wake wenyewe. Na kuna aina ya programu, nyingine za bure, ambazo zimekuwepo tangu kabla sijazaliwa, ambazo zingenionyesha hiyo maiti mapema. Katika miaka minne ya digrii ya takwimu, hakuna mtu aliyenitajia hata moja.

Wacha nieleze nilichofanya, halafu uniambie kama wewe ungenishika.

Shangazi ana shamba dogo kule Mwala, Machakos. Nilitaka kupima vitu vitatu: samadi, fatalaiza ya dukani, na maji ya kumwagilia. Kila kimoja kiwepo au kisiwepo. Mbili mara mbili mara mbili, michanganyiko 8. Ukirudia kila mchanganyiko mara 3 ili bahati isikudanganye, unahitaji ploti 24. Mwalimu aliyenisimamia alitazama karatasi yangu, akatazama saa, akasema, "Kijana, hizi ni nyingi. Chukua nusu." Hakusema nusu gani. Nami sikuuliza, kwa sababu mwalimu akishatazama saa huulizi kitu tena.

Nikachagua kwa jicho. Nilihakikisha kila kitu kinatokea mara mbili na kinakosekana mara mbili, maana usawa unapendeza. Nikabaki na ploti za aina 4: yenye vyote vitatu, yenye samadi peke yake, yenye fatalaiza peke yake, yenye maji peke yake. Ploti 12 kwa jumla. Inaonekana safi, sivyo? Kila kitu nimekijaribu kivyake, halafu nikavijaribu vyote pamoja. Hata leo nikiiangalia haraka, naona ni mpango wa mtu mwenye akili.

Mavuno, wastani wa kila aina ya ploti kwa msimu mzima: vyote pamoja kilo 14, samadi peke yake kilo 8, fatalaiza peke yake kilo 8, maji peke yake kilo 6. (Nimeziondoa desimali ili uweze kufuata ukiwa ndani ya matatu.) Fanya kama nilivyofanya mimi. Ploti zenye maji zilitoa 14 na 6, wastani 10. Zisizo na maji zilitoa 8 na 8, wastani 8. Maji yameongeza kilo 2. Weka nyota, nenda kwa shangazi.

Sasa fanya kama nilivyopaswa kufanya. Tuseme maji hayakusaidia chochote, kwa sababu mwaka ule mvua ya vuli ilinyesha mpaka mto ukakata barabara na nikalala kwa shangazi siku tatu nisizopanga. Futa neno "maji" kila mahali kwenye orodha. Unabaki na hivi: samadi na fatalaiza pamoja 14, samadi tu 8, fatalaiza tu 8, bila chochote 6. Hiyo nayo ni hadithi kamili. Kila moja ikiwa peke yake inaongeza kilo 2, na zikikutana zinapeana nguvu, zinaongeza kilo 4 zaidi ya ulizotarajia. Wazee wa Mwala walikuwa wanachanganya samadi na fatalaiza kwenye shimo moja kabla chuo changu hakijajengwa.

Namba ni zilezile nne, na hadithi ni mbili. Hakuna programu ya takwimu duniani, ya bure au ya kulipia, inayoweza kuamua kati yake. Katika shamba langu, mahali "palipo na maji" na mahali "samadi na fatalaiza zipo zote au hazipo zote" ni mahali pamoja. Ni ploti zilezile. Nilikuwa nimevalisha vitu viwili nguo moja, halafu nikashangaa kwamba siwezi kuvitofautisha. Samahani, hata sikushangaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Dalili nilipewa. Nilipojaribu kuongeza kwenye modeli mwingiliano wa samadi na fatalaiza, R ilinijibu kwa herufi mbili: NA. Nikampelekea mtu wa data, mmoja wa wale wenye meza ndani ya saiba karibu na lango la chuo, bango limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: uchambuzi, bei poa. Alitazama sekunde tano. "Boss, hiyo NA isikusumbue. Toa hiyo laini, irudie." Nikatoa. NA ikaondoka, nyota zikaja. Nikamlipa 1,500 na soda.

Simlaumu sana. Alifanya kile ambacho sote tumefundishwa: kompyuta ni mashine ya kubonyeza, inakula namba na kutema nyota, na ikikataa, kosa ni la faili lako. Hata R, kwa uaminifu wake wote, ilisema tu kwamba kuna kitu hakipimiki. Haikuniambia kimegongana na nani.

Sasa tuje kwa aljebra. Kila Mkenya aliyepita kidato cha tatu amewahi kuuliza x itamsaidia wapi maishani, na kila mwaka swali hilo linarudi mtandaoni likiwa na picha ya mtu anauza mayai ya kuchemsha. Mimi nililiuliza nikiwa nimeshahitimu. Jibu nililipata kwa njia ya kijinga kidogo. Nilikuwa namsaidia mtoto wa jirani kufungua mabano, kazi ya nyumbani, kurasa mbili. Nikachoka, nikatafuta programu ya kukagua majibu. Nikaipata SymPy, ya bure, inayoishi ndani ya Python. Unaiandikia (x + 1)(x + 2), inakurudishia x² + 3x + 2. Ukiipa 1/3, inashika 1/3. Haiigeuzi kuwa 0.3333 na kutupa mkia. Ukiiambia izidishe mzizi wa 2 kwa mzizi wa 2, inasema 2, kamili, bila vumbi la desimali. Hiyo ndiyo aljebra ya kompyuta. Mashine inabeba herufi kama ulivyozibeba wewe ubaoni, ila yenyewe haisahau alama ya kutoa.

Nilikaa pale na mtoto wa jirani nikiona haya. Nilikuwa nimeishi na kompyuta miaka kumi nikidhani inajua namba tu.

Nikaendelea kusoma maelezo ya SymPy usiku, na ndipo nikakutana na jina Gröbner. Mwaka 1965, huko Innsbruck, Austria, kijana mmoja anaitwa Bruno Buchberger aliandika tasnifu ya udaktari yenye njia ya kuchukua rundo la milinganyo na kulisafisha mpaka libaki orodha nadhifu, yenye maana ileile. Orodha hiyo akaipa jina la mwalimu wake, Wolfgang Gröbner. (Mimi mwalimu wangu nimemwacha bila jina, na ni heshima pia.) Ukitaka kuielewa bila kuvunja kichwa, fikiria mzee wa ukoo kabla ya harusi. Vijana wawili wamependana, mahari inasubiri kujadiliwa, lakini kwanza mzee anapewa majina. Anauliza babu ni nani, nyanya alitoka wapi. Halafu anasema: hawa wawili, hapana, ni ndugu. Orodha ya Gröbner inafanya hivyo kwa herufi. Unaipa milinganyo, inakuambia nani na nani ni damu moja.

Sasa kaa vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopandwa na hasira. Mwaka 1996, Giovanni Pistone wa Italia na Henry Wynn wa Uingereza walichapisha kwenye jarida la Biometrika makala inayounganisha mambo haya mawili: orodha za Gröbner na mipango ya majaribio. Wazo lao, ukilivua koti, ni rahisi mno. Kila ploti ni nukta. Mpango wa jaribio ni kundi la nukta. Na kundi la nukta linaweza kuandikwa kama majibu ya milinganyo fulani, kama tulivyokuwa tunaandika duara au mstari shuleni. Basi kila ambacho mpango wako unaweza kukitenganisha, na kila ambacho hauwezi, kimeshafichwa ndani ya milinganyo hiyo, kabla hujapanda, kabla hujapima, kabla hujamkopesha mtu matumaini. Iulize mashine. Miaka miwili baadaye Persi Diaconis na Bernd Sturmfels wakapeleka zana hizohizo kwenye majedwali ya hesabu za watu. Mwaka 2001 kukawa na kitabu kizima, Algebraic Statistics, Pistone na Wynn wakiwa pamoja na Eva Riccomagno. Huko Genova kuna programu ya bure ya kazi hii inaitwa CoCoA, jina linalofanya mtu adhani unamwomba kinywaji.

Mimi nilifika mwaka wa nne baada ya haya yote. Vitu vipo kwenye intaneti. Bando la siku moja lingetosha.

Nikaandika mpango wangu upya, kwa herufi. Samadi ni s, fatalaiza ni f, maji ni m. Kitu kikiwepo ni 1, kisipokuwepo ni −1. Kwa hiyo s² = 1, f² = 1, m² = 1, maana hata −1 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1. Na zile aina zangu nne za ploti, ukizikagua moja moja, zote zinatii mlinganyo mmoja zaidi: smf = 1. Jaribu. Vyote vipo: 1 mara 1 mara 1. Samadi peke yake: 1 mara −1 mara −1. Zote zinatoa 1. Nikaipa SymPy milinganyo hiyo minne, nikaiomba orodha ya Gröbner. Ikanirudishia vipande sita, kila kimoja ni sawa na sifuri:

s² − 1, f² − 1, m² − 1, sf − m, sm − f, fm − s.

Kisome kile cha nne. sf − m = 0. Yaani samadi-na-fatalaiza, na maji, ni damu moja. Mzee amesema. Na hakuishia hapo: fatalaiza ni ndugu wa samadi-na-maji, na samadi ni ndugu wa fatalaiza-na-maji. Kila nyota kwenye jalada langu la buluu ilikuwa inaangaza watu wawili kwa wakati mmoja.

Kazi hiyo iliisha kabla sijaondoa kidole kwenye kibonyezo. Gharama: sufuri. Nikakumbuka 18,400.

Najua kuna wasomi wanaosoma hapa na tayari wananuna, kwa hiyo niseme kabla hamjasema. Ndiyo, kwa nusu safi kama ile yangu huhitaji kompyuta. Unazidisha safu kwa safu kwa penseli. R. A. Fisher alianza kazi Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akachapisha kitabu chake cha kupanga majaribio mwaka 1935, na kufikia 1945 David Finney alikuwa ameshaandika jinsi ya kuchukua nusu au robo ya jaribio ukijua unachopoteza. (Fisher alikuwa pia na mawazo ya kuchukiza kuhusu nani anafaa kuzaa, na simuombei utakatifu. Lakini hesabu za shamba alizijua.) Mwaka 1938 aliwaambia wanatakwimu wa India kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kuisha ni kumwita apasue maiti ili aseme ilikufa na nini. Kwa hiyo mwalimu wangu aliyesema "chukua nusu" alikuwa na miaka mingi ya maandishi ya kumwambia achague nusu gani, na hata kama ungenipa penseli badala ya SymPy ningeokoka.

Shida ni kwamba hesabu za penseli zinapenda shamba nadhifu. Shamba la shangazi lina mbuzi.

Msimu uliofuata ule wa aibu nilirudi Mwala kwa pesa yangu mwenyewe. Safari hii michanganyiko yote 8, ploti moja moja, kubwa kidogo, kwenye ukanda mmoja wa shamba. Wiki ya saba mbuzi wawili walikata kamba. Wangeweza kula ploti yoyote. Walichagua ile yenye samadi, fatalaiza na maji, kwa sababu mbuzi si mjinga. Ndiyo iliyokuwa na majani mapana. Zikabaki ploti 7.

Jedwali la vitabuni halina ukurasa wa "ploti 8 kasoro iliyoliwa." Ule ujanja wa kuzidisha safu unagoma, kwa sababu kundi la nukta saba halina tena ule usawa. Aljebra ya kompyuta haijali usawa. Unaipa nukta zozote, hata kama zimechorwa na mbuzi. Nikaipa zangu 7, ikaongeza juu ya zile s², f², m² mstari mmoja tu:

smf + sf + sm + fm + s + f + m + 1.

Niliusoma ule mstari kama barua. Unasema: ule mwingiliano wa vitu vyote vitatu kwa pamoja, smf, hauwezi tena kupimwa kivyake, umegeuka kuwa mchanganyiko wa wengine wote. Ukikubali kwamba haupo, vitu saba vilivyobaki vinatenganishika vyote: wastani, samadi, fatalaiza, maji, na ile miingiliano mitatu ya viwili viwili. Na ukikataa, yaani ukidhani smf ipo kweli, basi ujue imemwaga uchafu kidogo kwa kila mmoja wao, bila kubagua. Hivyo ndivyo unavyoweza kwenda kwa shangazi na maneno ya ukweli: hiki nakijua, hiki nakijua ukinikubalia sharti hili, hiki mbuzi wamekila.

Kuna kitu ambacho haikutibu. Ploti 7 kwa vitu 7 hazikuachii chochote cha kupimia bahati. Hapo nilikuwa uchi, na hakuna orodha ya Gröbner inayoshona nguo. Ilibidi nirudie.

Rafiki yangu mmoja aliyebaki chuoni kusomea uzamili aliniambia, "Bro, hata matriki ingekuambia hayo." Ni kweli, kama tayari ungejua ni vitu gani vya kuweka ndani ya matriki. Unaandika modeli, matriki inakuambia kama modeli hiyo inapimika. Mimi niliandika modeli isiyo na mwingiliano, na matriki yangu ilikuwa na afya njema kabisa. Aljebra inaanza upande wa pili: nionyeshe shamba, nikuambie modeli zipi linaweza kubeba. Kwa mtu asiyejua anachokosa, hiyo tofauti ni kila kitu.

Mwingine atasema orodha za Gröbner zinaweza kulipuka. Nayo ni kweli. Nimewahi kuipa laptopu yangu milinganyo michache yenye vipeo vikubwa, feni ikapiga kelele kama posho mill, nikaizima kabla haijachoma meza. Ukijua nukta zako tayari kuna njia nyepesi zaidi, Buchberger na H. Michael Möller waliitoa mwaka 1982. Na majaribio ya watu kama sisi hayana vitu 40. Yana vitu vitatu, vinne, na mbuzi.

Halafu kuna wale wa "si uulize tu ChatGPT." Niliuliza. Nilipewa aya tano za kuvutia kuhusu umuhimu wa kupanga majaribio. Ile mashine inatafuta maneno yanayofuatana vizuri, na mara nyingine inapatia. SymPy haitafuti maneno; inafuata kanuni hatua kwa hatua, na ukitaka unaweza kuikagua kwa penseli, kama tulivyokagua smf = 1 hapo juu. Mwenye mkopo wa chama anastahili jibu linalokagulika.

Lakini pingamizi linaloniudhi kuliko yote ni lile la upole. "Hizo ni anasa. Pure math ni ya wenzetu wenye maabara. Sisi tuanze na Excel." Jameni. Ni nani anayechukua nusu? Mwenye pesa hupanda ploti zote 24, na mbuzi wakila, ana ploti nyingine. Pale Kabete kuna jaribio lililoanza mwaka 1976, linalopima samadi, fatalaiza na mabua ya mahindi yanayorudishwa shambani, na limeachwa liendelee kwa miongo. Hiyo ni subira inayolipiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne ana msimu mmoja, ukanda mmoja wa shamba la jamaa, na nauli ya kwenda mara tano. Atachukua nusu. Atachukua robo. Atapoteza ploti. Yeye ndiye anayehitaji kuliko mtu yeyote kujua kila nusu inaficha nini, na yeye ndiye tunayemwambia kwamba hesabu hiyo ni ya wakubwa. Ukiwa na ndoo moja ya maji ndipo unapochunga inavuja wapi.

Nilipowasilisha pendekezo la mradi niliulizwa bajeti ya karatasi. Niliulizwa fomu ya idhini ya shangazi, na ikabidi aisaini mara mbili kwa sababu ya kwanza alitumia penseli. Niliulizwa kama nimeandika marejeo kwa mtindo unaofaa, nikarudishwa kwa ajili ya mabano. Katika chumba kile walikuwepo watu wanne wenye digrii zaidi ya moja, na hakuna aliyeuliza: katika mpango huu, nani ni ndugu wa nani? Swali moja. Lingechukua muda mfupi kuliko yale mabano.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo mno, karibu naona aibu kukidai kwa sauti hii. Kila pendekezo la jaribio, la sukuma wiki, la dawa ya kuku, la bango jipya la tangazo, lije na ukurasa mmoja wa undugu: vitu ambavyo mpango huu hauwezi kuvitofautisha, vimeandikwa kwa jina, kabla ya pesa kutoka. Mwanafunzi auandike mwenyewe, kwa penseli ikiwezekana, kwa SymPy au CoCoA ikishindikana. Na somo la takwimu la mwaka wa pili litoe vipindi viwili kuonyesha kwamba kompyuta inabeba herufi. Vipindi viwili. Tulipoteza zaidi ya hapo tukingoja projekta iwake.

Na wewe uliye mwaka wa tatu sasa hivi, unayesoma haya ukiwa umefungua pendekezo lako kwenye dirisha lingine, usingoje vipindi hivyo. Zifanye ploti zako kuwa 1 na −1. Tafuta mlinganyo unaozishika zote. Ni kazi ya jioni moja, na unaweza kuifanya kwenye simu.

Shangazi nilimweleza mwaka jana, tukiwa tumekaa kwenye kivuli, kuku wakiparura nyuma ya wavu. Nilimchorea ploti nne kwenye mchanga kwa kijiti, nikamwonyesha kwamba kila palipokuwa na maji, samadi na fatalaiza zilikuwa zimekuja zote au zimekosa zote. Alinyamaza kidogo, akichungulia mchanga.

"Kwa hivyo maji yalisingiziwa," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Au labda hayakusingiziwa. Sikuweza kujua."

"Na ulikuja hapa na kitabu cha buluu."

"Ndiyo."

Akachukua kijiti mkononi mwangu, akachora ploti ya tano pembeni, akaniuliza kama hiyo ingekuwa na samadi na maji bila fatalaiza, ningejua? Nikahesabu kwa vidole, kisha kwenye simu. Nikamwambia tungejua kidogo zaidi, lakini si yote. Undugu mwingine ungebaki. Akasema basi tuongeze mpaka zifike nane, na mbuzi atawafunga yeye mwenyewe, kwa waya.

Tulipanda Oktoba. Mkopo wa chama ulikwisha kulipwa kwa mauzo ya kuku, lakini mimi bado nalipa wangu kwake, elfu moja kila mwezi. Nimefika elfu saba.